Kamba ya Kuku Mgeni

Wahenga walinena kwamba kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Methali hii nimeifundisha kwa miaka mingi, nikawachambulia wanafunzi wangu muundo wake na sitiari yake, bila kuwahi kujiuliza kuku mwenyewe huionaje ile kamba. Jibu nililipata mwezi wa Februari mwaka 2019, wala sikulipata maktabani. Nililipata baharini, ndani ya meli ya anasa, nikiwa nimevaa suti ya kuazima.

Kunradhi, msomaji, nianze kwa kueleza nilivyofika huko, maana mshahara wa mhadhiri haumpandishi mtu meli kama ile. Meli za kitalii zinazozunguka Bahari ya Hindi wakati wa kaskazi huwa na desturi ya kuchukua wasomi wachache wa kuwazungumzia abiria kuhusu historia, lugha na viumbe vya mahali watakapotia nanga. Msomi hupewa chumba na chakula, naye hulipa kwa mihadhara. Mwenzangu aliyealikwa alipatwa na dharura, akalitaja jina langu, na baada ya majuma matatu nikajikuta nikipanda ngazi ya meli katika bandari ya Kilindini, mkobani nina mihadhara minne: wa Zanzibar, wa Ngazija, wa Nosy Be kule Bukini, na wa mwisho wa Ushelisheli.

Juu ya ngazi kijana mmoja alinilaki kwa tabasamu, akaipokea pasipoti yangu, kisha akanipachika beji kifuani. Siku hiyo hiyo niligundua kwamba waliovaa beji mle melini walikuwa watu wa sampuli mbili. Sampuli ya kwanza ni mabaharia na wahudumu, ambao beji zao zilitaja jina la mtu na nchi yake: Ufilipino, Indonesia, India. Sampuli ya pili ilikuwa mimi. Abiria hawakuvaa chochote, kwa kuwa hapakuwa na haja ya wao kumweleza mtu yeyote sababu ya kuwako pale. Kamba yangu ilikuwa imekwisha fungwa, nami nilikuwa nimeinua kifua ifungwe vizuri.

Usiku wa kwanza nilipangiwa meza ya watu wanane. Mbele yangu palikuwa na nyuma tatu. Walimu wa Kiswahili watanielewa. Wengine wakumbuke kwamba uma mmoja ukiongezewa mwenziwe huwa nyuma mbili. Palikuwa pia na visu vitatu na gilasi nne. Mimi nililelewa katika kijiji kimoja cha Kilifi, katika nyumba ambamo vidole vitano vilitosha kwa sima, kwa mchuzi na kwa samaki mwenye miba. Hata hivyo sitaki kudai kwamba nyuma zile ndizo zilizonishinda. Mtu mzima huweza kuketi kimya, akamtazama jirani yake ameanza na uma upi, naye akafuata. Kilichonishinda ni mazungumzo.

Walikuwa wakizungumza kuhusu meli. Huyu alikuwa katika safari yake ya kumi na mbili, yule ya ishirini. Walilinganisha vyumba, manahodha na supu. Waliniuliza hii ilikuwa safari yangu ya ngapi, nikawajibu kwamba ni ya kwanza, wakatabasamu kwa upole kama watu wazima wanavyomtabasamia mtoto aliyeng'oka jino. Nikaona nami nichangie. Kwetu, mtu unayekaa naye mezani humjulii hali yeye peke yake. Humjulia na waliomzunguka. Nikamwelekea mzee mmoja aliyekaa kuliani kwangu, nikamuuliza, kwa Kiingereza kisichokuwa na kosa hata moja la sarufi, kama watoto wake hawajambo.

Meza nzima ikanyamaza. Mzee akaitazama sahani yake, akasema kwamba ana mwana mmoja tu, nao hawajazungumza kwa miaka tisa. Mkewe akaiweka gilasi chini polepole. Mama mmoja wa upande wa pili ndiye aliyeliokoa jahazi, kwa kuuliza hali ya hewa ingekuwaje Zanzibar.

Kwa zaidi ya miaka kumi nilikuwa nimefundisha nadharia inayoeleza kosa lile. Mwanaisimu wa Kimarekani Dell Hymes alitufunza tangu miaka ya 1960 kwamba kuijua lugha si kuijua sarufi yake tu. Ni kujua pia nani aseme nini, na nani, wapi na lini. Huo ndio tuuitao umilisi wa kimawasiliano. Kabla yake, mwaka 1923, Bronisław Malinowski alikuwa ameeleza kwamba sehemu kubwa ya mazungumzo ya binadamu haikusudii kupashana habari hata kidogo, bali kuunga watu. Ukiniuliza habari za asubuhi huhitaji habari. Wahitaji kujua kwamba tupo pamoja. Kwetu kamba ya kuungana husukwa kwa habari za watoto, wazee, mifugo na mvua. Pale mezani ilisukwa kwa hesabu ya safari. Mimi nilikuwa nimeuliza swali la kuunga watu, likapokewa kama swali la kutaka habari, tena habari za jeraha.

Wala msomaji asidhani kwamba nilidharauliwa. Hakuna aliyenitukana wala kunikunjia uso. Laiti angalikuwapo mmoja wa kunitukana, ningalijua la kufanya. Upole ule ndio ulionifunga, maana mtu hawezi kulalamikia tabasamu. Basi nikachagua njia ambayo wageni wengi huichagua: nikawa mwigaji. Nikajifunza kuisifu supu. Nikajifunza kucheka pale walipocheka, hata nisipoelewa kilichochekesha. Kufikia usiku wa tatu, baada ya Zanzibar, nilikuwa nimeanza kujipongeza kwamba kamba hainionekani tena.

Usiku huo wa tatu ulikuwa wa karamu ya nahodha, na ndio ulioniazimisha suti. Sote tulikuwa tumekwisha keti pale mhudumu ambaye sikuwa nimemwona kabla alipoinama kuniwekea sahani. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu. Akaisoma beji yangu, kisha akasema kwa sauti ya chini, iliyokusudiwa mimi pekee:

"Shikamoo, mwalimu."

Beji yake iliandikwa Kenya. Nami, mtu niliyepewa chumba na chakula melini kwa sababu ya Kiswahili, nilimjibu kwa Kiingereza. Nilimtakia jioni njema, nikamshukuru kwa sahani, wala sikumtazama usoni. Mama wa upande wa pili akaniuliza kijana alikuwa amesema nini. Nikajibu, "Ni salamu tu."

Salamu tu! Kama mwanafunzi wangu angeliandika maneno hayo katika insha, ningaliyapigia mstari mwekundu.

Usingizi haukuja usiku ule. Nililala chali nikisikiliza mitambo ya meli, nikajaribu kujitetea kwa silaha za taaluma yangu. Nikajiambia kwamba shikamoo yenyewe ni salamu ya mamlaka. Wengi huieleza kuwa imetokana na maneno ya kumwambia mkubwa kwamba wamshika miguu. Roger Brown na Albert Gilman, katika makala yao mashuhuri ya mwaka 1960, walionyesha jinsi namna za kuitana zinavyopima mambo mawili: mamlaka na mshikamano. Namna ambayo mdogo huitumia kwa mkubwa, na mkubwa asiirudishe kwa mdogo, ni kipimo cha mamlaka. Shikamoo haisemwi na mzee kwa kijana. Basi, nikajitetea, kijana yule alikuwa akinitukuza tu kama alivyowatukuza abiria wote kwa kuwaita 'sir', na kukosa kwangu kumjibu hakukuwa na uzito.

Utetezi huo haukudumu hadi alfajiri. Kuna tofauti moja kubwa ambayo sikuwa nimeiona katika miaka yote ya kuifundisha makala ile. Neno 'sir' halidai jibu. Mhudumu hulisema mara mia kwa siku, nalo hupita kama upepo. Anayeambiwa aweza kuendelea kutafuna. Shikamoo ni deni. Ukiamkiwa umefungwa: lazima useme marahaba, na ukisema marahaba umekubali kwamba aliyekuamkia ni mwanao, kwamba una wajibu kwake, kwamba akikwama utaulizwa wewe. Mkubwa anayeamkiwa asijibu haonyeshi ukubwa wake, anamkana mtoto. Kijana yule hakuwa amenitukuza. Alikuwa amenidai ujamaa mbele ya watu ambao nilikuwa nikiutafuta ujamaa wao, nami nikaona haya kuonekana kwamba nina jamaa katika wahudumu.

Keshoye tulitia nanga Ngazija, na mashua zikawashusha abiria Moroni. Katika mhadhara wangu wa pale nilimzungumzia Salim bin Abakari, mtu wa asili ya visiwa vile, ambaye mwaka 1896 alifuatana na bwana wake, Mjerumani Bumiller, mpaka Urusi na Siberia. Masimulizi yake yamo katika kitabu cha Safari za Wasuaheli kilichotolewa na Carl Velten mwaka 1901. Salim alikuwa mtumishi katika nchi ya theluji, akishangaliwa kila alikopita. Hata hivyo, mtu asomapo masimulizi yake haoni mtumishi aliyejikunyata. Humwona mtu anayetazama, anayepima desturi za wenyeji wake kwa kipimo cha kwao, anayeandika kwa lugha yake mambo ambayo wasomaji wa lugha yake watayataka. Niliyasema hayo mbele ya abiria kwa ufasaha, nikapigiwa makofi, nami nikajua moyoni kwamba Salim yule, mtumishi wa Mjerumani, alikuwa huru kuliko mimi.

Mhadhara wa Nosy Be ndio ulionifungua macho. Nilikuwa nikieleza ajabu ya lugha ya Kimalagasi: kwamba ijapokuwa Bukini iko jirani na Afrika, lugha ya wenyeji wake ni ya ukoo wa lugha za mashariki ya mbali, na jamaa zake wa karibu zaidi wako kisiwani Borneo. Nikaanza kuhesabu kwa Kimalagasi ili abiria wasikie: efatra, dimy, enina, fito, valo. Kijana Mfilipino aliyekuwa akiangalia vipaza sauti, amesimama ukutani na beji yake kifuani, akasahau kwamba hakutakiwa kusema. Akaanza kuhesabu nami kwa Kitagalogi: apat, lima, anim, pito, walo. Nne, tano, sita, saba, nane. Abiria wakageuka kumtazama. Yeye akanyamaza ghafla, akaomba radhi. Nikamwambia aendelee. Kwa dakika chache tulihesabu pamoja, mimi kwa lugha ya Bukini, yeye kwa lugha ya mamake, na ukumbi mzima ukasikia kwa masikio yao wenyewe kitu ambacho mimi nisingeweza kuwathibitishia kwa saa nzima.

Nilipokuwa nikikusanya karatasi zangu ndipo nilipofahamu kilichokuwa kimetokea. Kwa dakika zile chache sikuwa nimejiona mgeni, wala yule kijana hakuwa mgeni. Nilikuwa nimemkaribisha mtu.

Kiingereza kina neno la mgeni aliyekaribishwa, na kina neno jingine la mgeni asiyejulikana. Kiswahili hakiyatengi hayo mawili. Aliyealikwa harusini ni mgeni, na aliyepotea njia usiku ni mgeni. Zamani nilidhani huu ni upungufu wa msamiati. Sasa naona kwamba lugha yetu imesema jambo la hekima: wageni wote ni sawa, na kinachowatenganisha ni kama yupo mwenyeji wa kuwapokea. Mwenyeji ndiye aifunguaye kamba. Ndiyo maana methali nyingine inasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Jembe hilo si adhabu, ni hati ya kuingizwa nyumbani.

Katika meli ile hapakuwa na mwenyeji. Meli nyingi za aina yake hupeperusha bendera za Bahama, Panama au Malta, nchi ambazo pengine wenye meli, nahodha na abiria wote si raia wake. Nahodha ni mwajiriwa. Wahudumu huja kwa mkataba wa miezi kadhaa, kisha huenda zao. Abiria hutabasamiwa kwa sababu wamelipa, nao wanalijua hilo. Hapo nikaelewa ni kwa nini wale wa mezani kwangu walihesabu safari zao kwa bidii vile. Walikuwa wakitafuta wenyeji wasiokuwa nao, kila mmoja na kamba yake, ijapokuwa zao zilikuwa za hariri.

Jioni ile nilimtafuta kijana wa Kenya. Nilimkuta akipanga leso za mezani kabla ya watu kuingia.

"Mwanangu," nikamwambia, "juzi uliniamkia nami sikukujibu. Marahaba."

Akatabasamu, akaendelea kukunja. "Nilidhani mwalimu hakunisikia."

"Nilikusikia."

Alikaa kimya kidogo. Kisha akasema, "Si kitu, mwalimu. Huku tumezoea." Akaniambia kwamba kwao ni Msambweni, kwamba ana miezi saba hajaenda nyumbani, na kwamba siku ile aliposoma jina langu alifurahi hata akasahau amri ya kusema Kiingereza mbele ya abiria. Neno lake la kwamba wamezoea lilinichoma kuliko kama angelinilaumu. Nikamuuliza habari za mamake na ndugu zake, naye akanieleza mmoja mmoja, kwa majina, mpaka msimamizi wake alipomwita.

Na yule mzee wa mezani? Alihudhuria mihadhara yangu yote minne, akakaa safu ya mbele. Asubuhi tuliyofika Mahe alinijia kwenye sitaha, akaagana nami, akasitasita, kisha akaniuliza kama watoto wangu hawajambo. Nikamwambia hawajambo.

Ningependa kusema kwamba nilirudi chuoni nimepona. Sivyo. Mwaka jana, darasani mwangu, mwanafunzi wa kike wa mwaka wa kwanza alisimama kuuliza swali kwa Kiingereza, akatamka neno moja kwa lafudhi ya kwao. Wenziwe wakacheka. Mimi sikucheka, lakini nilitabasamu, tabasamu lile lile la upole nililolijua vyema kutoka meza ya watu wanane. Majuma manne yakapita bila ya msichana yule kuinua mkono tena, naye ndiye aliyekuwa ameanza muhula kwa maswali mazuri kuliko wote.

Sisi walimu tuna historia ndefu ya kuwafunga watoto kamba. Wengi wa rika langu twaikumbuka 'diski', kile kipande kilichotundikwa shingoni mwa mwanafunzi aliyenaswa akisema lugha ya mamake shuleni, akakivaa mpaka amnase mwenziwe. Nilikivaa nami, na nilimnasa rafiki yangu ili nikivue. Ngũgĩ wa Thiong'o aliiandikia desturi ya namna hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1986, Decolonising the Mind. Shule nyingi zimeacha kutundika kipande chenyewe, lakini darasa linalocheka lafudhi, na mwalimu anayetabasamu, wanafanya kazi ile ile bila ya uzi wala ubao. Mtoto hujifunza humo kwamba njia ya kuvua kamba ni kumfunga mwingine. Akikua huwa mtu wa kujibu shikamoo kwa Kiingereza.

Sisemi kwamba wanafunzi wasifunzwe Kiingereza fasaha, wala adabu za mezani. Nyuma tatu zina utaratibu wake, na mtu hupungukiwa na nini akiujua? Lakini kuna kujifunza kama mgeni aliyekaribishwa, na kuna kujifunza kama mgeni anayeogopa kuonekana. Wa kwanza huuliza akikosea; wa pili huiga, hukaa kimya, na siku ikija humkana ndugu yake.

Basi niwaambie wanafunzi wanaosoma ukurasa huu, hasa mlioingia vyuoni mwaka huu mkajiona hamjui pa kuweka mikono: kamba mnayoihisi si alama ya upungufu wenu. Ni alama kwamba mwenyeji bado hajafika. Nanyi walimu wenzangu, mwenyeji huyo ni sisi. Hakuna mwingine mle darasani mwenye funguo za nyumba.

Mimi nilimwita msichana yule ofisini, nikamwomba radhi, nikamwomba alirudie swali lake. Alinitazama kwa muda, kama anayepima iwapo huu nao ni mtego. Kisha akauliza. Lilikuwa swali gumu, na sikuwa na jibu lake. Tulilitafuta pamoja hadi jua likachwa. Watu husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwa miaka mingi nilidhani methali hiyo ilitungwa ili kumfurahisha mgeni.